Nilinyamaza Huku Familia Yangu Ikiongeza Mbuzi kwa Picha Iliyoganda

Nimekosa, na nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Msinitafutie udhuru. Mama yangu ameshanitafutia, anasema ni shetani. Si shetani, ni mimi.

Ninafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kuuza internet hapa Goma. Bureau yetu, yaani ofisi, iko Birere, na tuna antena Himbi, Keshero na Lac Vert. Kila mahali kuna router, ile mashine inayoamua data ipite wapi. Router huambiana njia kwa utaratibu fulani, na utaratibu wenyewe huchaguliwa na fundi.

Mimi nilijua mmoja tu, unaitwa RIP. RIP inahesabu vituo. Njia yenye vituo vichache ndiyo njia, basi. Mwenzangu wa kazi, Solange, alijua mwingine, OSPF, unaoangalia upana wa njia. Fikiria watu wawili wa moto, yaani pikipiki za abiria. RIP atakupitisha kwenye mawe ya volkano mpaka kiuno kilie, eti hakuna carrefour, yaani makutano, njiani. OSPF atazungukia kwenye lami, na utamkuta ameshafika.

Patron, yaani bosi wetu, aliniambia nizijaribu zote mbili, nizilinganishe, nimwandikie ripoti. Solange alikuwa ameshaiandika OSPF kwenye router zote. Nikaifungua, nikaitazama, sikuelewa kitu. Lakini mimi nilimtangulia kazini, ningemuuliza vipi? Nikaizima. Nikaandika kwamba nimeijaribu, inasumbua, RIP inaishinda kwa mbali. Matokeo ya kulinganisha niliyatunga nikinywa chai.

Solange alinifuata mezani. "Uliitesti siku gani? Miye nilikuwa hapa semaine yote, kila siku."

"Solange, heshimu wakubwa," nikamjibu. Hata leo nikikumbuka jibu hilo naona haya.

Sasa sikilizeni ya dot, yaani ya mahari.

Nilikuwa namposa Kavugho. Kwao ni Butembo, ila baba yake amejenga Lac Vert. Sisi ni wa Masisi. Kwetu mahari ni ng'ombe, kwao ni mbuzi, na kwenye mbuzi Wanande, watu wa kwao, hawana mchezo. Neno la mwisho lilikuwa la kaka mkubwa wa baba yake, muzee Paluku, aliyeko Butembo. Barabara ya kule mnaijua ilivyo mbaya. Basi nikajigamba mbele ya baba mkwe: muzee abaki kwake, tutamwona kwenye televisheni hapa salon, yaani sebuleni, internet ni yangu.

Siku ikafika. Muzee Paluku akatokea, koti na kofia, akasalimia, akataja mbuzi wake. Papa mdogo wangu, yaani baba mdogo, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, maana bwana arusi hafungui mdomo siku hiyo. Akaomba tupunguziwe kidogo. Muzee akainua mkono, akafungua mdomo, akabaki hivyo hivyo.

Picha ilikuwa imeganda.

Nilijua papo hapo. Kutoka Lac Vert kuna njia mbili za kufika Birere: antena kongwe inayopiga moja kwa moja, dhaifu, na antena mpya zinazopitia Keshero na Himbi. RIP ilichagua ile kongwe kwa kuhesabu vituo. Salamu za router zilikuwa bado zinapita, kwa hiyo RIP iliiona nzima. Sura na sauti ya mtu ndizo hazikupita.

Lakini kwenye familia yao, mkubwa akitafakari hakuna anayesema wala kusimama. Watu wote wakainamisha vichwa. Baba mkwe akanong'ona kwa fahari juu ya kaka yake, "Yaya yangu njo vile. Anapimaka neno."

Nikamvuta papa mdogo shati. "Papa, ni réseau, ni mtandao."

"Nyamaza," akasema bila kugeuka. "Hauone ule mukono? Anakataa." Akaongeza mbuzi mmoja.

Muzee hakutikisika. Akaongezwa mwingine. Muzee mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Papa mdogo akaongeza blanketi ya mama wa bibi arusi. Shangazi yangu akasema chini chini, "Huyu muzee ni chuma." Papa mdogo jasho likimtoka akaongeza na ng'ombe, ambaye hakuna mtu aliyemwomba. Hata baba mkwe akaanza kutuonea huruma, akaisogelea televisheni. "Yaya, uwahurumie basi. Nao wako na batoto."

Ningeweza kusimama nikasema: muzee hayupo hapo, hiyo ni picha, na kosa ni langu. Sikusimama. Nilikuwa naona haya ya yale majigambo.

Nikamwandikia Solange SMS: washa OSPF yako, haraka. Akajibu: "Hiyo inaomba ruhusa ya patron. Umuambie kwanza ulimudanganya." Nilizungusha simu mkononi mpaka mbuzi wengine wawili wakaondoka. Ndipo nikamwandikia patron kwamba ripoti ile niliitunga. Mimi hakunijibu. Alimwandikia Solange: washa.

Solange akazifikia router kwa njia ile ile dhaifu, maana amri za maandishi ni nyepesi kuliko sura ya muzee. Alipowasha ya mwisho, OSPF ikaiacha antena kongwe, na picha ikafunguka.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mke wa muzee akaja mbele ya kamera, uso umemvimba. Kumbe kule Butembo na sisi tulikuwa tumeganda! Muzee alituona tumeinamisha vichwa, akadhani tumechukia. Akapunguza mbuzi mmoja. Tukanyamaza. Akapunguza mwingine. Mwisho alisema tumchukue Kavugho bila kitu chochote, na sisi tukaendelea kutazama sakafu.

"Muzee amelia," akasema yule mama. "Anasema mutoto wake amezarauliwa. Hakuna ndoa."

Baba mkwe akachukua simu, akamweleza kaka yake kwamba ni réseau. Mara tukasikia muzee anacheka huko Butembo. Salon nzima ikacheka. Akasema tutarudia, na mbuzi wabaki wale wale wa mwanzo. Nikajua nimepona.

Kavugho akatoka chumbani. Hakuwa anacheka.

"Ulijua saa ngapi?"

"Tangu mwanzo," nikasema.

"Uliona papa mudogo yako anatoka jasho. Uliona papa yangu anaomba televizyo. Na ukakaa." Akanitazama. "Siku mutoto wetu atagonjwa ju ya kosa yako, utakaa vile vile?"

Hata hapo nilinyamaza. Akarudi chumbani, akafunga mlango, na vicheko vya wazee vikaisha kimoja kimoja.

Ninamwandikia kila asubuhi. Ujumbe unafika, naona ameusoma. Muzee Paluku mwenyewe ameniombea msamaha kwake, akakataa.

Ndugu msomaji, nakusihi. Usiandike kwamba umejaribu kitu ambacho hujakijaribu. Uliza, hata kama wa kuulizwa alikuja kazini juzi. Na ukiona watu wanaumia kwa kosa unalolijua wewe peke yako, simama useme pale pale, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilisema baada ya kuulizwa, na kwa Kavugho huko hakukuwa kusema.