Safari ya Kasenga kwa Ajili ya Neno Moja

Jiwe la kaburi la baba yangu lilikuwa limelazwa katika karakana ya fundi, mtaani Katuba, likiwa na jina tu. Chini ya jina palibaki nafasi ya mstari mmoja. Sisi watoto sita tulikuwa tumekubaliana yachongwe maneno mawili, “Askari Mwaminifu”, na jiwe lisimikwe Jumamosi, siku ya kuondoa matanga. Lakini Jumapili iliyotangulia, tulipofungua sanduku lake la bati, niliona chini ya mkanda na kofia ya jeshi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya Kifaransa. Ilisema kwamba adjudant Ilunga, akiwa zamuni kwenye bandari ya Kasenga, ameadhibiwa kwa kuacha kituo chake bila ruhusa.

Baba mudogo Banza, mdogo wake baba, aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

“Mi nilisikiaka hii maneno zamani,” alisema. “Muchuuzi moja wa samaki aliniambia: yaya yako, ule mukubwa wako, ile siku, alikimbia. Nikanyamaza. Sasa karatasi inasema vilevile. Muandike jina. Muandike ya kama alikuwa baba ya watoto. Lakini mwaminifu? Bongo, mwanangu, habaandikake ku jiwe.”

Bongo ndilo neno letu la uongo, na kinywani mwake lilitoka kwa uchungu, si kwa chuki.

“Baba mudogo, ulimuuliza ye mwenyewe?”

“Mukubwa wangu? Nani anaulizaka mukubwa wake: ulikimbia?”

Mimi ndiye kifungua mimba. Nimefundisha sarufi ya Kifaransa na ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, na karatasi yenye muhuri naiheshimu. Lakini nilimjua pia yule mtu. Kila Jumapili kabla ya misa alipanga viatu vyetu jozi sita ukutani, akavipiga brashi mpaka tukajiona ndani yake. Mama alipougua mwaka mzima, ni yeye aliyesonga bukari, ugali wetu, kila jioni, akiwa bado amevaa suruali ya kazi. Viganja vyake vilikuwa na ngozi laini ya kung'aa, isiyo na mistari, kana kwamba ameiazima kwa mtu mwingine. Alirudi kutoka Kasenga vimefungwa bendeji, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. “Bukari ilinichoma,” alituambia, nasi tukacheka: askari mzima ameshindwa na sufuria!

“Nipe siku tatu,” nilimwambia baba mudogo.

“Enda. Lakini ukirudia bila kitu, ile nafasi itabakia mweupe.”

Jumatano, alfajiri, niliondoka Lubumbashi katika Land Cruiser ya abiria. Julai kwetu ni baridi, na abiria walikuwa wamejifunga vitenge hadi puani. Tulipoacha malori ya shaba nyuma yetu, lami ikaisha na vumbi jekundu likaanza: miti ya miombo iliyokauka majani, vichuguu virefu kuliko nyumba, magunia ya makaa yaliyosimamishwa kando ya njia yakisubiri wanunuzi. Dereva, mtu wa maneno mengi aitwaye Papa Félix, alinitazama kwenye kioo.

“Mwalimu, Kasenga unaenda kununua nini? Makobo?”

“Sinunui samaki, papa. Natafuta neno.”

“Neno!” Aligeuka mzima, gari likayumba, mama mmoja akamtaja Bikira Maria. “Mama, neno unaachaka Lubumbashi, fasi iko mengi mpaka tunachoka nayo, unakuya kutafuta Kasenga fasi iko samaki?”

Gari zima likacheka, nami nikacheka nao.

Saa saba mchana tulisimama Kasomeno. Hapo barabara inagawanyika, moja ikienda kaskazini, nyingine ikielekea mashariki, Kasenga. Nilikula bukari na chisense, wale dagaa wetu wadogo, kwenye meza ya mama muuzaji, nikiyatazama magari yanayorudi Lubumbashi. Nakiri kwamba nilifikiri kupanda mojawapo. Nafasi tupu kwenye jiwe ni aibu ndogo. Watu wangedhani fundi alichelewa. Lakini nikienda na kukuta kwamba ni kweli, ningebeba peke yangu jambo ambalo baba alilifunga kwa kufuli maisha yake yote. Papa Félix alipiga honi.

“Mwalimu! Neno yako itaoza!”

Nikapanda.

Alhamisi asubuhi nilishuka bandarini. Kasenga inaanza kazi mapema: mitumbwi ilikuwa imekwisha kurudi, na upande wa pili wa Luapula nyumba za Zambia zilionekana wazi hata nguo kwenye kamba zake ungeweza kuzihesabu. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya mabeseni ya samaki. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu jana, kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba ya msiba.

“Jambo yenu, bamama. Natoka Lubumbashi. Nimekuja kwa sababu ya Ajida. Ajida amefariki.”

Ajida ni adjudant, kama cheo hicho kinavyotamkwa midomoni mwa watu. Hata nyumbani majirani na ndugu hawakumwita baba kwa jina lingine. Sikumaliza sentensi yangu ya pili. Mwanamke wa beseni la kwanza alijishika kichwa.

“Ajida! Ajida alikufa! Mayo wee!”

Kilio kikakimbia kutoka beseni hadi beseni kama moto wa kiangazi. Wengine walijitupa chini. Mvuvi mmoja aliacha nyavu zake zianguke majini. Nilisimama nimeduwaa, machozi yananitoka. Kumbe walimpenda kiasi hiki, baada ya miaka yote! Ndipo mlango wa kibanda ukafunguliwa, akatoka mwanamke mnene wa umri wa miaka arobaini hivi, kisu cha kuparulia samaki mkononi, magamba hadi viwikoni.

“Nani alikufa?” aliuliza.

Mwanamke wa beseni la kwanza alirudi nyuma hatua mbili.

“Wewe,” alisema.

“Mi? Leo? Na hii samaki yote nani atauzisha?”

Sijawahi kuona bandari nzima ikitoka kwenye kilio na kuingia kwenye kicheko kwa pumzi moja. Walinigeukia wote pamoja. “Ni huyu mama wa Lubumbashi! Alikuua, Ajida!” Mwanamke yule alinijongelea, kisu bado mkononi.

“Mama, nilikufa na nini? Uniambie, nijichunge.”

Nilieleza kwamba Ajida wangu alikuwa mwanamume, mzee, askari, jina lake Ilunga, na kwamba mimi ni binti yake wa kwanza. Safari hii hakuna aliyelia. Ajida aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kitenge chake, na kunishika mkono kama mtu anayeshika kitu kinachoweza kuvunjika.

“Kuya,” alisema. “Mama yangu akuone.”

Mama yake, Mama Chanda, alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza samaki juu ya tanuri la moshi. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniuliza swali lolote ila moja.

“Mikono yake ilipona?”

Nikasema ilipona, lakini ilibaki laini, bila mistari. Akatikisa kichwa, akaketi, akaniketisha.

“Ile siku moto ilitokea hapa, ku matanuri,” alisema. “Upepo ikaitwala mpaka ku maternité, fasi ya kuzalia. Nyumba ilikuwa ya majani, na mulango ya bati. Mu ndani tulikuwa banamuke bane, na uchungu, hakuna mwenye kutembea. Bantu bote balikimbia ku mutoni. Baba yako alikuwa ku barrière, anachunga bandari. Alipatia mwenzake bunduki, akaanza kukimbia. Si ku mutoni. Kwetu. Bati ilikuwa nyekundu, mama. Aliisukuma na mikono. Akatutosha inje moja-moja, akatulalisha ku muchanga. Tulizala pale pale, bote bane, mbele jua ishuke. Bote bane tulibapatia jina yake, Ajida. Moja aliolewa ng'ambo, Zambia. Batatu beko hapa.”

“Na adhabu?”

“Kisha siku mbili bakubwa bake balikuya. Bakamuuliza: uliacha kituo? Siye tulikuwa tunasimama pale, tunangoja aseme juu yetu. Akasema: ndiyo, niliacha. Basi. Hakuongeza kitu. Askari anaulizwa, anajibu.”

Nilitazama tanuri. Maisha yangu yote nilimcheka mtu aliyeshindwa na sufuria ya bukari.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilirudi bandarini kumtafuta Papa Félix, nikakuta Land Cruiser imekwisha kujaa. Ajida wa samaki alikuwa mbele na kapu la makobo. Nyuma yake Ajida fundi wa injini za mitumbwi, na Ajida mkatekista, mwembamba, amevaa koti lake la misa.

“Mwalimu,” alisema Papa Félix, “ulisema neno moja. Hii ni tatu, na moja yake ni muzito.”

“Nilikufa jana,” Ajida akamjibu, “leo unikosee heshima?”

Jumamosi, Lubumbashi, uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umejaa viti, na fundi ameleta jiwe na patasi yake. Nilitaka kusimulia mimi, lakini Ajida wa samaki, niliyekwisha kumweleza yote njiani, hakunisubiri. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba mudogo, akapiga goti kama binti wa nyumba, kisha akainua uso.

“Baba, ni wewe unasemaka alikimbia?”

“Ni mi,” alisema baba mudogo Banza.

“Uko na bukweli. Alikimbia sana. Sasa uulize: alikimbia kwenda wapi?”

Wakamweleza, wote watatu, wakipokezana. Mkatekista alipofika kwenye mlango wa bati, baba mudogo aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akasimama, akamwomba fundi chaki, akainama juu ya jiwe, na kwa mwandiko wake wa karani wa zamani wa reli akaandika: ALIKIMBIA. Dada yangu mdogo akanishika mkono.

“Mwalimu,” baba mudogo aliniita, bila kugeuka. “Bule tulikusomesha? Kuya utengeneze.”

Nikaichukua chaki. Katikati nilipachika herufi mbili, TU, na karibu na mwisho mbili, LI: ALITUKIMBILIA. Miaka zaidi ya ishirini nimewaandikia watoto wa watu ubaoni kwamba silabi ndogo hugeuza njia nzima ya kitendo. Nililijua hilo kama sarufi, nikalazimika kwenda hadi Luapula kulijua kama damu. Karatasi ya sandukuni haikusema uongo. Ilikomea tu pale ambapo baba alianzia. “Askari Mwaminifu” hatukuyahitaji tena.

Fundi alipiga patasi, akina mama wakapiga vigelegele vilivyowatoa majirani uani kwao, na baba mudogo alicheza, yeye mwenye goti bovu, kofia ya kaka yake kichwani. Chakula kilipoandaliwa, bukari na makobo ya Kasenga, alishika sahani ya kwanza, akasahau kwamba kaka yake hayupo tena, na kama alivyozoea kila sikukuu akaita kwa nguvu kuelekea mlango wa nyumba:

“Ajida! Kuya ukule!”

Sauti tatu zikaitika.