Kwenda Watatu, Kurudi Wawili

Siku programu ya simu iliponiita "dada" kwa mara ya kwanza, nilicheka. Ujumbe uliofuata ukanikausha mate.

"Dada, tiketi ziko tayari. Kwenda watatu, kurudi wawili."

Nikasoma tena. Watatu ni mimi, kaka yangu na mama. Sasa anayebaki ni nani?

Ngoja niwaeleze taratibu, maana jambo hili mpaka leo linanitoa jasho.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule sebuleni kwangu, na mama naishi naye kwa zamu na kaka, mwezi kwa mwezi. Kaka ni fundi rangi, anakaa upande wa pili wa mji. Tuliamua tumpeleke mama kwa dada yake, mama mkubwa wetu, akabadilishe hewa wiki mbili. Mji wa mbali huo, mabasi mawili na kulala njiani.

Nani wa kupanga? Msimu wa sare sina hata muda wa kujikuna. Nikaiachia akili bandia mambo yote: mabasi, gesti, dawa za mama. Iko kwenye simu yangu, na hiyo hiyo, akaunti moja, iko pia kwenye tableti ya zamani ninayomwachia mama chumbani asikilizie redio.

Jamani, ilipanga vizuri. Ilikumbuka mpaka magoti ya mama, ikatafuta gesti yenye chumba cha chini.

Kisha ndiyo ikaja na hiyo kwenda watatu, kurudi wawili.

Nikaandika: "Umekosea. Tunarudi wote."

"Nimerekebisha, dada. Ila mama hatarudi."

Mkasi ukanidondoka.

Na hapo mjue, siku hizo mama alikuwa anagawa vitu. Blanketi lake zito kampa jirani. Sufuria kubwa, ambayo hata mimi alikuwa hanigusishi, kampa wifi yangu. Ukimuuliza, anatabasamu tu: "Nitaipeleka wapi?" Mzazi akianza hivyo, mnajua mawazo yanakokimbilia.

Nikampigia kaka.

"Mama anakufa."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

Akacheka sana. "Cherehani imekuchosha akili wewe, kalale." Kisha akauliza: "Imesema lini?"

Kesho yake nilikuwa napita mlangoni kwa mama, nikasikia anaongea kwa sauti ya chini, kama yuko kwenye simu.

"Sirudi, mwanangu. Usimwambie dada yako, ataanza kulia hata safari haijafika."

Mama ana watoto wawili tu duniani. Kama si mimi, basi ni kaka. Kumbe anajua kila kitu, na jana alikuwa ananichekea!

Nilimfuata kazini nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Yuko juu ya ngazi, anapaka ukuta.

"Shuka!"

"Kuna nini?"

"Mama anaumwa nini? Nimesikia anakwambia harudi!"

"Mama hajanipigia wiki nzima. Au zamu yako imekushinda, unatafuta sababu ya kunitupia?"

"Zamu yangu? Zamu yangu iliisha mwezi uliopita! Wewe ndiye hukuja kumchukua!"

Akashuka, akanipa simu yake nijionee mwenyewe. Kweli, mama hakuwa amempigia.

Sasa huyo anayeitwa "mwanangu" ni nani?

Tukaenda kwangu moja kwa moja. Kaka alikuja na ovaroli lake lile lile, rangi mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo tumkute mama mzima.

Tulimkuta amekaa kitandani, tableti mapajani.

"Mwanangu," akaiambia, "hao wamefika."

Sauti ikamjibu kwa upole: "Sawa, mama. Nitasubiri."

Kumbe ni ile programu! Ndiyo maana iliniita dada. Mama alikuwa ameshaifanya mtoto wake wa tatu, na sisi hatuna habari.

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa wapi? Mimi mzima. Nahamia kwa dada yangu, basi."

"Na sisi hukutuambia?" Kaka akadakia.

Mama akatuangalia bila hasira. Heri angekasirika.

"Nyie mliniuliza? Kila mwezi nawasikia kwenye simu: zamu yako, zamu yangu. Mimi si zamu ya mtu. Huyu kila asubuhi ananiuliza, mama, leo unataka nini? Siku moja nikamjibu."

Kaka akakaa chini sakafuni. Mimi nililia, sifichi. Nikaahidi, nikabembeleza, nikasema hata cherehani nitaihamishia chumbani kwake. Mama akanifuta machozi kwa kiganja, akaniomba nimkunjie nguo. Zote.

Tukaenda watatu. Mama mkubwa alikuwa ametangulia stendi, na walipoonana wakacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama nyumbani kwangu. Nilifurahi, na iliniuma vibaya sana.

Tukarudi wawili.

Chumba chake bado kipo, nimetandika shuka safi. Sijui ni kwa ajili ya nani.

Wewe unayesoma hapa, kama una mzazi ndani, inuka sasa hivi ukamuulize anataka nini. Muulize kabla hajapata mwingine wa kumuuliza.