Kitabu Nilichokivika Gazeti

Nakumbuka siku moja ya upepo, vumbi la Dodoma limeingia hadi kwenye vitasa, Bi Mwanaidi aliponivua kiburi bila hata kupandisha sauti.

Nilikuwa binti mbichi kutoka Kibakwe, wino wa cheti changu cha kompyuta haujakauka. Bi Mwanaidi, mwenye duka la jumla karibu na soko, alinipa kazi ya kumfungia seva, yaani kompyuta moja ya kutunza habari zote za duka, ili kaunta na stoo zisome kitu kimoja. Nikiweza, ajira ni yangu. Nikishindwa, fundi wa Dar anakuja Jumatatu, nami narudi kulima karanga. Na nyumbani walishaanza kuniita mtaalamu, mwanangu. Jina hilo lilikuwa tamu kuliko mshahara.

Kitabu nilikuwa nacho, cha Kiingereza, na jalada lake lilisema wazi kuwa ni cha watu wanaoanza kabisa. Maneno hayo yalinitia aibu. Nikakivika gazeti, kama tulivyovika madaftari shuleni, nikawa nakichungulia kwa kujificha. Kila umeme ukikatika na kurudi, kaunta haiioni seva. Nikiulizwa, nasema kesho itakaa sawa. Kukifungua mbele ya wauzaji sikuthubutu.

Ijumaa ile Bi Mwanaidi akakikuta kwenye droo.

“Shikamoo, Bibi,” nikawahi.

“Marahaba. Hiki nacho kinasikia baridi? Mbona umekivalisha?”

“Nakikinga na vumbi, Bibi.”

Akalibandua gazeti taratibu, akaniambia nimtafsirie jalada. Nikatafsiri huku natazama sakafu.

“Kumbe dawa unayo, na mgonjwa unamwambia kesho,” akasema. “Mimi msahafu nilianza na alifu, herufi ya kwanza, kijiti cha kuionyeshea mkononi, na hakuna aliyenicheka. Vuta stuli. Soma, na kila mstari unieleze kwa Kiswahili. Ukishindwa kunieleza, hujauelewa.”

Tukasoma, wauzaji wanasikia. Tukafika ukurasa nilioruka kwa kuuona wa kitoto. Ulisema seva ipewe anwani moja isiyobadilika. Yangu ilikuwa inapata mpya kila umeme unaporudi.

“Basi duka likihama kila asubuhi, mteja atalipata wapi?” akauliza. Ndivyo hasa ilivyokuwa.

Nikarekebisha. Akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa, akangoja, akawasha. Kaunta ikaiona seva. Nililia, sikufichi. Yeye akasema tu, “Mpigieni fundi wa Dar, mwambieni apumzike kwao.”

Mwanangu, mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kuonekana naanza, kana kwamba kuna aliyezaliwa anajua. Wewe sasa umepewa duka la watu ulifungie mitambo, na juzi nimekuona unafunika simu mtu akipita, usionekane unasoma mwongozo wa wanaoanza. Usome hadharani. Anza ukurasa wa kwanza, hata ule unaoona ni wa kitoto, na umweleze mwenye duka kwa lugha yake.

Kitabu changu hiki hapa. Mashine zake zimeshapitwa na wakati, lakini ule ukurasa wa anwani bado ni kweli. Mungu akupe mikono tulivu na uso usioona haya kuuliza. Kichukue, uondoke nacho hivyo hivyo, bila gazeti.