Nilivyokwenda Geita Kumrudisha Yakobo

Nilifunga safari kwa sababu ya maneno ya mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Alipita kijijini kwetu, nje ya mji wa Shinyanga, akamwambia Mama Elia, mke wa mdogo wangu Yakobo, kwamba wachimba dhahabu wa Geita wamempa mumewe jina la Askofu. Tena Jumamosi wanafungua shimo jipya kwa damu ya mbuzi. Kila mwenye fungu katika dhahabu ya shimo sharti airuke damu hiyo, na Yakobo amekataa.

"Shemeji, kamlete," alisema Mama Elia. "Wakimfukuza, nitashukuru. Ila nasikia asiyeruka hugeuzwa kafara."

Miaka hiyo ya sabini habari za kafara zilizagaa kila penye machimbo, nami niliziamini kuliko ilivyompasa mzee wa kanisa. Nilijaza kikapu michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, nikaifukia Biblia chini kabisa.

Alhamisi alfajiri nilipata lori la pamba hadi Usagara, kisha gari jingine mpaka kivukoni Kigongo. Ndani ya kivuko mtu mwenye koti alinisogelea.

"Mzee, unafuata dhahabu?"

"Namfuata mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

Nikageukia maji. Nilimdhania mpelelezi wa wale wachimbaji, nikakibana kikapu miguuni mpaka tukafika ng'ambo. Hadi leo sijui alikuwa nani.

Nililala Sengerema. Ijumaa mchana nilishuka Geita, nikatembea mwendo wa saa mbili hadi kambini: vibanda vya nyasi, udongo mwekundu, na watu waliosimamisha kazi kunitazama. Mwenye shimo, Masanja, pande la mtu, alikuja mbio.

"Shikamoo, baba. Kwa sura hii, wewe ndiye kaka yake Askofu? Basi Papa amefika!"

Wote wakacheka. Alinipokea kikapu, akamimina michembe juu ya mkeka ili wenzake wale, na Biblia ikaanguka katikati.

"Na hiki, mzee, kinaliwa na chai?" Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Mdogo wako chake hukisoma mlangoni tukimzomea. Wewe umekuja nacho kama mtu anayesafirisha gongo!"

Niliipokea nikiinamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

Jioni Yakobo alirudi kutoka kuchimba, tukakumbatiana. Mmoja wao, Shija, alimpigia kelele: "Askofu, mwombe Mungu wako atuletee sabuni, madukani hakuna!"

"Nimemwomba," alijibu Yakobo. "Amesema muanze na maji."

Walicheka sana, na Shija akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Niliangalia nani anamnong'oneza nani, na chakula chao sikukigusa.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Alfajiri tuondoke."

"Nikiondoka, watasema Kristo amemkimbia mbuzi."

"Wanakudhihaki, Yakobo."

"Wananidhihaki, ndiyo. Mwanzoni nilirusha ngumi, kaka. Nilishinda, na hakuna aliyeokoka. Siku hizi wakinitania mimi, nacheka nao. Wakimtukana Mungu, nanyamaza mpaka waishiwe maneno. Lakini damu siruki."

Jumamosi asubuhi mganga alimchinja mbuzi mdomoni mwa shimo. Pombe ya tambiko ilianza kunywewa kabla jua halijapanda. Wakaruka mmoja mmoja, na zamu ya Yakobo ikafika.

"Ndugu zangu, siwadharau," alisema. "Ila mimi nimeshanunuliwa kwa damu nyingine. Siruki."

"Fungu lake tugawane!" alipaza sauti Shija.

Masanja alitazama chini. "Umesikia, Askofu. Asiyeruka hana fungu."

"Nimesikia."

Miezi ya kuchimba ikapotea kwa neno moja. Nilimshika mkono, jicho langu kwenye kisu cha mganga.

Sasa Masanja alitakiwa kushuka wa kwanza. Kule mtu hushuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, na mwenzake wa juu humteremsha kidogo kidogo. Mkono ukilegea, aliye chini amekwisha. Shija aliiokota kamba, akapepesuka. Masanja akawapitia wote kwa macho, mmoja mmoja.

"Askofu, shika kamba."

"Hajaruka!" alilia Shija. "Atakuua!"

"Damu nimeruka mimi, inatosha. Kamba nataka ishikwe na asiyelewa."

Nilimnong'oneza Yakobo, "Mwache. Ameshakunyang'anya." Yakobo alikita kisigino ardhini, akasema, "Teremka, kaka," akamshusha taratibu mtu aliyetoka kumvua fungu. Niliona aibu, nikaenda nyuma yake nikashika kamba na mimi. Tuliishika mpaka adhuhuri.

Masanja alipopanda alisema, "Fungu huna, hiyo ndiyo desturi. Ila nikishuka, kamba ni yako na ujira wake ni wako."

Jumapili Yakobo na mimi tulisali mlangoni, wakatuzomea. Jumatatu nikarudi peke yangu kwa njia ile ile.

Namshukuru Mungu kwa safari hii. Nilikwenda nikidhani dhihaka hujibiwa kwa kuikimbia, au kwa kumtilia shaka kila anayecheka. Mdogo wangu, asiye na cheo chochote kanisani, alinifundisha kwa mikono yake.

Mama Elia alinipokea njiani, akatazama nyuma yangu.

"Wameacha kumcheka?"

"Hawajaacha."

"Nawe ukamwacha mikononi mwao, shemeji?"

"Hapana, Mama Elia. Wao ndio walio mikononi mwake."