Nilivyomsomea Mama Fomu

Damu ya mama niliitoa mimi mwenyewe, katika ofisi ya kijiji kwetu Kanazi. Nilikuwa nafanya kazi maabara, katika kituo cha afya huko Biharamulo, na watafiti waliotoka mjini walinichukua kwa wiki mbili kwa sababu nilijua kutoa damu na nilijua Kihangaza. Walitaka wanawake waliovuka miaka hamsini. Walinieleza kwamba ndani ya damu mna protini za kila aina, na saratani inapoanza, kabla mtu hajasikia maumivu yoyote, baadhi ya protini hizo hupanda na nyingine hushuka. Wakijifunza kuyasoma mabadiliko hayo, siku moja wataweza kuugundua ugonjwa ungali mchanga.

Kila mwanamke nilimsomea fomu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, kabla ya kuweka dole gumba. Mstari mmoja ulisema huu ni utafiti tu, si kipimo cha hospitali, na hakuna atakayeletewa majibu yake. Wanawake wawili waliposikia hivyo walinyanyuka wakaenda zao. Mama alipokaa mbele yangu niliogopa aibu, kwamba naye angenyanyuka wageni wale wakitazama. Mstari ule nikauruka, nikamwambia, "Wakiona tatizo watakuita."

"Basi choma," akasema, akapandisha mkono wa gauni.

Mwaka uliofuata tumbo lake lilianza kujaa. Jumapili moja nilimkuta amejifunga kanga, sketi zote zimembana.

"Shikamoo mama. Kesho twende hospitali."

"Marahaba. Ya nini? Si walichukua damu yangu? Wangeona kitu wangeniita, ulisema mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nilianza kumweleza kwamba damu hubadilika, kwamba mwaka ni mrefu, akanicheka. Nikaacha. Kwa miezi minne aliendelea kupalilia maharage na kunywa dawa za minyoo alizonunua dukani, huku mimi nikirudi Biharamulo kila Jumapili jioni nikijidanganya kwamba ni gesi.

Alikubali kwenda hospitali siku aliposhindwa kuinama. Tulipelekwa hadi Mwanza. Daktari akasema ni saratani ya ovari, imeshasambaa tumboni, na upasuaji hautasaidia. Nilitoka nje nikampigia simu mmoja wa wale watafiti. Alinijibu kwa upole. Damu zote ziko kwenye friza, zina namba tu, hata kupimwa bado.

"Pole sana," akasema. "Lakini hilo tuliwaeleza wote. Wewe ndiye uliyekuwa unawatafsiria."

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mama ukweli, nikiwa nimekaa chini kando ya kitanda chake.

"Kwa nini hukunisomea kama ilivyoandikwa?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Na nilipoanza kuumwa ningekwenda hospitali."

Hakulia wala hakufoka. Aliomba nimgeuze upande wa ukutani. Tangu siku hiyo chakula alikuwa anapokea mkononi mwa dada yangu tu, na dada hakujua sababu. Alifariki wiki ya tatu.

Siku ya mazishi kaka yangu mkubwa alisimama mbele ya watu. Alisema wale watafiti waliona ugonjwa katika damu ya mama wakanyamaza. Watu wakaguna. Baba akanigeukia.

"Wewe ndiye unayezijua hizo kazi. Ni kweli?"

Kulikuwa na padri, kulikuwa na majirani, na kaburi lilikuwa bado wazi.

"Ni kweli," nikasema.

Watafiti walirudi baada ya mavuno kuomba damu kwa mara ya pili. Walikaa ofisi ya kijiji tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyejitokeza. Nilisikia kwamba kaka alisimama njiani akiwarudisha wanawake, akiwasimulia habari za mama yetu, na kila aliyetaka ushahidi alitajiwa jina langu.