Dulo Atafuta Siku ya Kula Pamoja

Teodulo Palmares, ambaye mtaa mzima ulimwita Dulo, alirudi kwao Iloilo, Ufilipino, baada ya kuwapikia mabaharia miaka kumi na tisa. Melini mambo yalikuwa rahisi. Kengele ikilia, watu wanakuja. Wanakuja na grisi mikononi, wanakuja na usingizi, wanakuja wamenuniana, lakini wanakuja, maana katikati ya bahari hakuna pengine pa kula. Siku aliyoshuka na sanduku lake kwa mara ya mwisho alimwambia mkewe, Editha, mambo mawili. La kwanza, kwamba harudi tena baharini hata waje kumpigia magoti. La pili, kwamba mtu asimwamshe kabla jua halijatoka. Miaka yote hiyo alikuwa akiamka gizani kukanda unga wa mikate ya wenzake, na sasa alitaka kulala hadi achoke kulala.

"Lala," Editha akamwambia. "Nani atakuamsha? Sisi wenyewe usingizi tunautafuta."

Alidhani anataniwa. Haikupita wiki akaona kwamba ameambiwa ukweli mtupu. Editha alikuwa mkunga, na siku nyingi zamu yake ilikuwa ya usiku. Binti yao Gerlyn alifanya kazi ya kupokea simu za wateja wa Marekani waliogombana na kadi zao za benki. Kwa kuwa kwao kunapokucha kwetu kunakuchwa, gari la kampuni lilimchukua jioni na kumrudisha alfajiri. Jomarie, mdogo wake, akitoka chuoni alipitiliza hadi uwanja wa mpira wa kikapu, na alirudi nyumbani na njaa ya kumtafuna mtu. Bibi Encar, mamake Editha, alikula chakula chake cha jioni jua likiwa bado kali, akajifunga kitambaa chake cha kanisani, akaenda kwenye sala. Akirudi hakutaka tena mazungumzo na mtu, ila na mto wake.

Basi kila mmoja alikula kwa saa yake, amesimama, mlango wa friji wazi. Siku moja Dulo alimkuta Gerlyn anakula wali wa baridi na dagaa wa kopo, sahani ameiweka juu ya mashine ya kufulia.

"Meza ina nini?" akamuuliza.

"Meza ina nguo, Baba."

Akageuka kutazama. Kweli, meza ya kulia, ile aliyoiagiza kwa fedha za mkataba wake wa tatu, mbao tupu ya mti mgumu wa narra, ilikuwa imebeba nguo za kupiga pasi, vitabu vya Jomarie, na feni iliyokuwa ikingoja fundi tangu mwaka juzi.

Siku ile ile akaitoa mizigo yote ile, akaing'arisha meza kwa nta hadi ukiinama unajiona. Kisha akakaa akapanga vyakula vya wiki nzima kama alivyopanga melini, Jumatatu hadi Jumapili, akaubandika mpango mlangoni kwa friji. Chakula cha jioni, saa moja, wote.

Jomarie alikuwa wa kwanza kuusoma. Akasoma kwa sauti, mkono kifuani kama anaimba wimbo wa taifa. "Jumatatu, kuku wa tangawizi na majani ya mlonge. Jumanne, laswa, mchuzi wa mboga na kamba. Baba, na asiyefika anatupwa baharini?"

"Asiyefika anaosha vyombo."

"Sasa asiyefika ataoshaje vyombo na hayupo?" akauliza Bibi Encar kutoka kwenye kiti chake cha bembea.

Jumatatu kuku aliiva vizuri, mchuzi mwepesi wenye harufu ya tangawizi na vipande vya papai bichi vilivyolainika bila kuvurugika. Saa moja Dulo akakaa mezani na sahani tano. Gerlyn alikuwa ameshachukuliwa na gari. Editha alikuwa ameitwa kazini mapema, mwenzake mmoja anaumwa. Jomarie alituma ujumbe kwamba kocha amewazuia. Bibi Encar alikuwa kanisani. Dulo akala peke yake, akajitilia sahani ya pili, akaona aibu mbele ya sahani zile nyingine, akazirudisha kabatini.

Jumanne akaiwahisha saa ya kula ili ampate Gerlyn, akampata, lakini akamkosa Editha aliyekuwa bado amelala. Jumatano akaichelewesha, akampata Jomarie, ambaye alikula chakula cha watu wanne pasipo kuinua kichwa na kusinzia palepale. Alhamisi hakumpata mtu. Ijumaa mchana Editha alipoamka alimkuta mumewe jikoni anakwangua karai lililokuwa safi tangu asubuhi.

"Mnaikimbia meza yangu," Dulo akasema.

"Hakuna anayekimbia meza, Dulo. Tunakimbia kazini."

"Watu wa meli tulikuwa ishirini na wawili, na kila siku tulikula pamoja."

"Watu wa meli walikuwa wamefungiwa." Editha akamnyang'anya karai lile taratibu. "Sisi tulijifunza kuishi hivi wewe hupo. Sikulaumu, ulikuwa unatutafutia. Lakini huwezi kushuka na kengele yako ukataka tupange foleni."

Alisema bila ukali, na kwa hiyo maneno yakamwingia zaidi. Jioni, baada ya wote kutoka, akaamua kwamba atajaribu mara moja tu, Jumamosi mchana, na kwa chakula ambacho hakuna Mwilonggo, mtu wa Iloilo, anayekipita hivi hivi: mbaazi nyeusi, miguu ya nguruwe na fenesi bichi, na batwan, matunda ya kutia uchachu. Chakula cha namna hiyo kinataka fenesi la asubuhi, lililokatwa na umande wake. Akavunja kiapo chake mwenyewe. Akaamka kabla ya jua, akanyata kutoka ili asimsumbue mtu, akaenda soko la La Paz.

Fenesi alilipata, zuri, kubwa kuliko alivyokusudia. Akalipandisha begani. Akakata kona ya akina mama wauza supu ya tambi, mvuke umejaa hadi kwenye mabati, na hapo akasikia kicheko anachokijua. Hakuna mtu mwingine duniani anayecheka kama Editha, anayeanza kimya kimya na kuishia kugonga meza.

Wote walikuwapo. Editha na sare yake ya kazini, Gerlyn na kitambulisho cha kampuni bado shingoni, Jomarie na nywele za kitandani, na Bibi Encar na kitambaa chake cha misa ya alfajiri amekikunja mapajani. Mbele yao mabakuli manne ya supu, yenye tambi, maini na uboho. Walikuwa wamebanana kwenye benchi moja, na Jomarie alikuwa anaiba maini kutoka bakuli la nyanyake.

Dulo akasimama. Haraka akageuza uso upande wa fenesi, akaanza kurudi kinyumenyume kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Huenda angefanikiwa. Lakini Bibi Encar, ambaye hakuona vizuri kusoma, aliona vizuri sana mbali.

"Lile fenesi linatembea kama Dulo," akasema.

Wote wakageuka.

"Baba?" Gerlyn akasema. "Umeamka?"

"Nimekuja kununua fenesi."

"Tunaliona," akasema Jomarie.

Mwenye kibanda, mama mnene mwenye upawa mkubwa aliyeitwa na watu wote Manang Toyang, yaani Dada Toyang, akamwangalia Dulo kutoka juu hadi chini. "Kumbe ndiye huyu? Nimemsikia miaka yote, sura ndiyo naiona leo. Liweke hilo fenesi chini, kaka, linaziba njia ya wateja."

Akaliweka. Hakukaa. "Huwa mnakuja hapa?" akauliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Editha akasogea, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja. "Kaa kwanza." Dulo akakaa kwenye ncha. "Kila Jumamosi. Tangu nihamishiwe zamu ya usiku. Watoto walikuwa wadogo, wananililia. Mama akawa anawaleta hadi getini kwa hospitali alfajiri, ninatoka, tunakuja kula hapa kabla sijaanguka kitandani. Baadaye Gerlyn naye akaanza kazi, gari lao likawa linamshusha hapo nje."

"Na mimi nimerudi miezi miwili sasa."

"Ulisema usiamshwe," Gerlyn akasema polepole. "Ulisema hivyo hata kabla hujavua viatu, Baba. Tulikuwa tunakufungia mlango kwa adabu."

"Nilitaka kukuamsha mimi," akasema Bibi Encar. "Huyu mkeo akanikataza. Akasema mwache, ameamka vya kutosha."

Dulo akatazama bakuli ambalo Manang Toyang alikuwa ameshamtilia bila kuulizwa.

"Na simu za Jumamosi, ulidhani tunakupigia kutoka wapi?" Editha akauliza.

Simu za Jumamosi. Popote meli ilipokuwa, mtandao ukiwapo, Jumamosi simu ililia, naye alizungumza nao huku akisikia vijiko na mabakuli, akijua kwa hakika kwamba wako kwenye meza yake ya narra. Hakuwahi kuuliza.

"Simu tulikuwa tunaiegemeza hapa," Jomarie akasema, akigonga chupa ya mchuzi wa soya. "Wewe ulikuwa unakaa kati yangu na Bibi. Na ulikuwa unaongea sana, supu zetu zinapoa."

Dulo akacheka, kicheko kikamtoka kabla hajakiruhusu, na machozi nayo yakatumia nafasi hiyo hiyo. Akajifuta kwa mkono wenye utomvu wa fenesi, akajikuta na utomvu shavuni, na Bibi Encar ikabidi amwombe Manang Toyang mafuta ya kupikia ya kuutoa. Alipopata nafuu akaonja supu.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema.

Upawa wa Manang Toyang ukasimama hewani.

"Mume wangu ni mgonjwa wa kusahihisha," Editha akamwambia upesi. "Melini walikuwa hawamjibu."

"Hapa tunajibu," akasema Manang Toyang. Lakini Dulo alikuwa tayari anaomba nyongeza ya mchuzi, na mama yule akamtilia, akamtilia na uboho wa ziada.

Pale pale kwenye benchi ndipo walipopanga kweli. Safari hii Dulo alikula tu na kusikiliza. Editha alisema usiku wa Jumanne ndio haingii kazini karibu kila wiki. Gerlyn akasema gari lake linakuja saa kumi na mbili unusu, kwa hiyo chakula kiwe mapema. Jomarie akasema Jumanne ana mazoezi, wote wakamtazama, akasema basi atamwambia kocha kwamba nyanyake anaumwa.

"Sema baba yako," akasema Bibi Encar. "Mimi naenda mbele ya watu wa parokia, usinitie mkosi." Yeye mwenyewe alikubali kutokula mapema siku hiyo moja, kwa sharti kwamba batwan za kwenye mbaazi atatia yeye, kwa kuwa Dulo, alisema, hupika uchachu kama mtu anayeogopa.

"Na Jumamosi?" Dulo akauliza.

"Jumamosi ni ya Toyang," wakasema karibu wote kwa pamoja.

Fenesi likasubiri hadi Jumanne. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Jomarie aliingia ameloa chapachapa, amefuatana na wenzake wawili wa timu ambao hakuna aliyewaalika, na Dulo akatoa kiti cha bembea na ndoo iliyogeuzwa ili wote wapate pa kukaa. Editha alikuja na nguo za kulalia, alama ya mto bado usoni. Bibi Encar alitia batwan, akaonja, akatia nyingine huku Dulo amefumba macho. Mbaazi ziliiva, nyama ikaachana na mfupa, fenesi likalainika kama nyama yenyewe. Vijiko vikaanza kugonga sahani.

Kisha honi ikalia nje. Gari la kampuni lilikuja mapema kwa sababu ya mvua. Gerlyn akasimama, mdomo umejaa, akatafuta mwavuli. Dulo akatazama sahani ya Gerlyn iliyobaki nusu, na wote wakamtazama Dulo.

Akainuka, akachukua kikopo cha plastiki chenye mfuniko, akapakia wali chini na mbaazi juu, na kipande kizuri cha mguu alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Akamfuata binti yake hadi mlangoni.

"Utakula hapo ofisini ukipumzika," akasema. "Umekaa, lakini. Si juu ya mashine."

"Nitakaa, Baba."

Akakimbia kwenye mvua. Dulo akarudi mezani, akakuta mmoja wa wale vijana wa kikapu amekalia kiti chake na Jomarie anamtilia sahani ya pili. Akajitilia yake, akaivuta ile ndoo, akakaa karibu na mkewe.

"Wiki ijayo tule nini?" akauliza, na wakaanza kubishana.