Maksai Walivyotuvuta Hadi Ukweni

Nilitoka Kegonga kwenda Lambwe kumposa Akinyi. Baba yake alikuwa ametuma neno: anayechelewa chakula cha mchana hana haja na binti.

Asubuhi tuliondoka na pikapu ya mjomba Chacha, yeye kwenye usukani, mimi kando na wasiwasi wangu. Tulipokaribia Migori nikasikia ko-ko-ko chini ya injini.

"Ni tapeti," akasema mjomba.

"Tapeti hulia juu ya injini, kwenye vali, tena kwa sauti nyembamba. Hii ni nzito, na tukipanda kilima inazidi."

"Wewe hata moyo ukidunda unaita daktari." Akaongeza sauti ya redio.

Tulipofika Rongo nilimlazimisha asimame. Oili ilikuwa inadondoka. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Kilimetameta kama kucha za bibi harusi. Nikamwambia hiyo ni chenga ya chuma, beringi za ndani zinasagika, tuache gari tutafute usafiri mwingine. Mjomba akaongeza oili, akasema haendi ukweni kama abiria. Nikapanda tena, maana niliogopa kuchelewa kuliko beringi.

Baada ya Homa Bay, tukiwa tumeingia bonde la Lambwe, injini ilipiga kishindo kimoja ikanyamaza. Ubavuni mwa bloku palikuwa na tundu la kuingia ngumi. Mkono wa pistoni umetoka nje kutusalimia. Basi nilikuwa sahihi, na mke nimempoteza. Nikacheka hadi nikaketi barabarani.

Mkulima mmoja, Odhiambo, jirani wa kina Akinyi, aliacha kulima akafunga maksai wake wawili mbele ya pikapu.

Tuliingia uani kwa kina Akinyi sufuria zikiwa bado jikoni, chakula hakijapakuliwa. Shangazi za Akinyi, waliotoka Kisegi, wakapiga vigelegele, wakawafungua maksai na kuwapeleka zizini. Walidhani ni mahari.

"Mama, hao ni wangu," Odhiambo akasema, akiwakimbilia.

"Nyamaza, wewe ni dereva tu," shangazi mmoja akamjibu.

Baba wa Akinyi alicheka hadi akashikilia ukuta. "Mrudishieni jirani ng'ombe wake, ana shamba la kulima. Lakini macho yetu yameshaona. Ng'ombe wa mahari wasije wadogo kuliko hawa."

Posa ikapokewa. Tulirudi kwa lori, pikapu ikiwa mgongoni mwake. Nilichojifunza ni hiki: injini ikigonga kutoka chini na oili ikimetameta, zima papo hapo. Mjomba amekubali. Siku hizi jioni tunazunguka zizi letu pamoja, na hatujapata dume hata mmoja anayefika bega la maksai wa Odhiambo.